Kisiwa cha Popoo

Kivuko cha kutoka Butterworth kwenda George Town, huko Malaysia, ni cha muda mfupi tu, lakini safari ile niliitamani tangu utotoni, nilipokuwa nakaa ubavuni mwa bibi yangu Unguja na kijaluba chake cha tambuu. Kisiwa chenyewe, Pulau Pinang, maana yake ni kisiwa cha popoo, ile kokwa ngumu itafunwayo pamoja na jani la tambuu.

Sokoni nikamsalimu muuzaji kwa jina la heshima la pale, Makcik, nikaonyesha majani yale yenye umbo la moyo. "Tambuu?" Akatikisa kichwa. "Sirih. Daun sirih." Daun ni jani. Hata Indonesia huliita sirih.

Akachukua jani moja, akalipangusa kwa kiganja, akakata kikonyo kwa ukucha, akapaka chokaa kwa ncha ya kidole. Popoo akaikata kwa kacip, mkasi wao maalumu, vikatoka vipande vyembamba mno. Kisha kidonge cha gambir, mahali ambapo bibi angetia katu. Akakunja, akanipa. Ukali ule ule, mate mekundu yale yale. Macho yakanilenga machozi. Nilikula hilo moja tu, kwa sababu popoo huleta saratani ya kinywa, na jambo hilo si la kufichwa.

Wao husema makan sirih, kula sirih, kama sisi tusemavyo kula tambuu. Kuposa nako ni meminang, neno lililotoka kwenye pinang, popoo, maana washenga walikwenda nayo kwa wazazi wa binti.

Mtaa wa Wahindi hauko mbali. Huko Mtamil mmoja akaliita vettilai. Ndugu ya neno hilo, vettila la Kimalayalam, lugha ya India kusini, ndilo Wareno waliloligeuza hadi likawa betel la Waingereza. Tambuu letu limetoka tambula ya Kisanskriti, kwa mkono wa Waajemi na Waarabu. Jani moja, na kila bandari na jina lake!

Siku ya tatu nikaruka hadi Medan, Indonesia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Malaka. Katika duka la vitabu nikafungua kitabu cha historia, na pale ambapo sisi tungeandika "Dibaji" pameandikwa "Sekapur Sirih": tambuu moja lililopakwa chokaa, analopewa mgeni kabla ya mazungumzo kuanza. Nikakinunua kwa ajili ya ukurasa ule.