Jumamosi ya John Wayne Chini ya Mlima Meru

Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 26 Mei, siku aliyozaliwa John Wayne, mwigizaji wa Marekani, mwaka 1907, watu wapatao ishirini hukusanyika nyumbani kwa mjomba wangu huko Usa River, karibu na Arusha, Tanzania, ili kutazama sinema zake. Kwa kuwa mvua za masika huwa hazijaisha, tunakaa ndani ya banda la kuhifadhia mahindi, ambalo wakati huo huwa tupu, tukatundika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekta ya kukodi. Shangazi huleta loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, na chai ya maziwa, wazee hupewa viti vya mbele, na sisi wengine hujibanza kwenye mabenchi tukiwa tumejifunika mablanketi, kwa sababu baridi ya Meru mwezi Mei haina mchezo.

Tunaanza na sinema moja ya kauboi, ambayo hubadilika kila mwaka. Mwaka jana ilikuwa Stagecoach ya 1939, iliyomtoa Wayne katika sinema ndogondogo za bei nafuu alizokuwa amezicheza kwa miaka mingi. Mwaka huu tulitazama Rio Bravo ya 1959. Lakini sinema ya pili haibadiliki kamwe, na ndiyo inayowafanya wazee watoke Leguruki na Ngarenanyuki kwa bodaboda usiku wa mvua. Hiyo ni Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ikiwa imepigwa hapahapa kwetu mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, wakati Tanganyika ilipokuwa ikihesabu miezi kuelekea uhuru.

Kwa wasioifahamu, Wayne anacheza kama Sean Mercer, kiongozi wa kikundi kinachokamata wanyama wa porini wakiwa hai kwa ajili ya bustani za wanyama, na makao ya kikundi hicho ni Momella, chini ya Meru. Mwongozaji wake ni Howard Hawks, na mswada wa sinema uliandikwa na Leigh Brackett, mwanamke ambaye pia alishiriki kuandika Rio Bravo. Ukizitazama sinema hizo mbili kwa usiku mmoja, kama tufanyavyo sisi, unaona mara moja kwamba ni ndugu: wanaume wachache wenye kazi ngumu wanaishi pamoja, wanataniana, wanatunzana, na mgeni akija hupimwa kwanza kabla ya kukubaliwa. Tofauti ni kwamba katika Hatari! farasi amegeuka kuwa gari, bastola imegeuka kuwa kamba, na adui hayupo kabisa. Mjomba anaipenda kwa sababu hiyo hasa. Husema kwamba katika sinema nyingine za kauboi stelingi anahitaji mtu wa kumpiga risasi ndipo tujue kwamba ni shujaa, ilhali hapa tunamwona Wayne akiwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, juu ya madigadi, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, gari linaruka mashimo kwa kasi, na mnyama anayefukuzwa ni mnyama kweli.

Jambo hilo la ukweli ndilo linalotufunga sisi na sinema hii. Hawks aliwataka waigizaji washiriki wenyewe kukamata wanyama, na kwa kuwa hakuna awezaye kumpa faru maelekezo, sehemu kubwa ya hadithi ilishonwa kufuatana na yale yaliyotokea mbugani. Wayne alikuwa na umri wa miaka 53. Ninapomwona akivutana na mnyama huku vumbi limemjaa usoni, ninaona mtu anayefanya kazi, na nadhani hata wakulima na wafugaji waliokaa mbele yangu wanamheshimu kwa jicho hilo la kazi.

Mjomba alikuwa na umri wa miaka tisa wakati huo. Hajawahi kudai kwamba alimwona John Wayne, ingawa ingekuwa rahisi kudai na hakuna ambaye angembishia. Anachosema ni kwamba alikuwa akipeleka maziwa asubuhi, akasimama pembeni ya njia kupisha msururu wa magari ambao hakuwahi kuuona mfano wake, na kwamba vumbi la magari hayo liliingia ndani ya kibuyu, akachapwa aliporudi nyumbani. Anaisimulia habari hiyo kila mwaka kabla ya projekta kuwashwa, nasi tunaisikiliza kila mwaka kana kwamba ni sehemu ya sinema yenyewe.

Kisha picha inaanza, na banda zima hugeuka kuwa watu wa kutaja mahali. Meru unapotokea nyuma ya magari, mzee mmoja hunyoosha fimbo yake hadi kivuli chake kinaangukia kwenye shuka, akieleza gari limetokea upande gani na nyumba ya nani iko hapo sasa. Sinema hiyo ina urefu wa dakika 157, lakini kwetu haimaliziki chini ya saa nne, kwa kuwa husimamishwa mara kwa mara ili ubishi uishe kwanza.

Yanapofika matukio ya faru, hata hivyo, hakuna anayesema. Sinema inafunguliwa kwa faru na karibu na mwisho inarudi kwa faru, na wote ni wakubwa, wenye pembe zao, wanaopambana na magari katika nyika iliyo wazi. Inakadiriwa kwamba mwaka 1970 Afrika ilikuwa na faru weusi wapatao 65,000. Kufikia 1995 walikuwa wamebaki takribani 2,400, kwa sababu ya ujangili wa pembe. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo ndani yake yamo maziwa ya Momella, leo ina twiga, nyati, mbega na heroe, lakini haina hata faru mmoja. Watoto wa banda letu wakitaka kumwona faru akiwa porini hupelekwa Ngorongoro, ambako analindwa kwa bunduki usiku na mchana. Mwaka huu mtoto wa binamu yangu alimuuliza babu yake kama faru wale walikuwa wa kutengenezwa kwa kompyuta. Babu yake alikaa kimya kwa muda, kisha akamjibu, "Hapana, mjukuu wangu, wale walikuwa majirani zetu."

Kuna mambo katika sinema hii ambayo hatuyapendi, nasi huyasema. Dallas, mpiga picha anayechezwa na Elsa Martinelli, analea tembo wadogo hadi anapewa jina la Mama Tembo, na kuna sherehe ambayo Waarusha wanamkaribisha katika kabila lao. Mama mmoja Mwarusha, ambaye hajawahi kukosa kuja, hueleza kila mara kwamba sherehe ile haifanani na mila yoyote aliyoikuta kwa bibi zake. Nami huumizwa na jambo jingine: Waafrika wanaoshika kamba, wanaojenga mazizi na kurukia mnyama pamoja na Wazungu wale wanaonekana katika tukio baada ya tukio, lakini hadithi haiwapi nafasi ya kuwa watu wenye mambo yao.

Mpwa wangu anayesoma chuo alikwenda mbali zaidi mwaka huu. Alikumbusha kwamba mwaka 1971, katika mahojiano na jarida la Playboy, Wayne alitamka maneno ya kuwadharau Waamerika Weusi, akauliza kwa adabu, "Shikamoo wazee, lakini tunamfanyia sherehe mtu huyu kwa nini?" Sikuona haki kumnyamazisha, na hakuna aliyemnyamazisha. Mjomba alimjibu kwamba maneno yale ni mabaya na hana la kuyatetea, ila yeye haji hapa kumtukuza mtu; anakuja kutazama kazi aliyoifanya mtu huyo katika ardhi ambayo yeye mjomba alizaliwa juu yake. Jibu hilo halikumtosheleza mpwa wangu, na kusema kweli halikunitosheleza mimi pia, lakini alibaki hadi mwisho.

Mwisho wenyewe ndio unaopendwa kuliko yote. Dallas ameondoka bila kuaga, na tembo wale wadogo wanatumwa kumtafuta kwa kunusa hadi mjini Arusha. Kabla ya hapo tumekwisha kusikia wimbo wa Henry Mancini wa matembezi ya tembo mtoto, uliopata tuzo ya Grammy kwa upangaji wa muziki wake, na ambao watoto wetu huupiga mluzi wiki nzima bila kujua ulikotoka. Tembo wakishaingia mjini, projekta husimamishwa kwa mara ya mwisho na ubishi huwa mkali kuliko wote: barabara ni ipi, duka lilikuwa la nani, na ni vipande vipi vilivyopigwa ndani ya studio huko Hollywood. Mwaka huu mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi mjini tangu miaka ya sitini alikuja na picha ya zamani iliyopigwa mbele ya duka, akaiinua karibu na shuka ili tulinganishe madirisha. Tuliyahesabu kwa sauti, mara mbili. Madirisha hayakulingana, lakini mzee alisema kwamba picha yake ilipigwa upande wa pili wa barabara, na kwamba mwakani atakuja na nyingine.