Mchuzi Usipoe: Asili ya Mlo wa Kozi Nyingi

Wengi huamini kwamba mlo unaoanza kwa supu na kuishia kwa kitindamlo, kila sahani ikiletwa kwa zamu yake, ndivyo walivyokula wafalme wa Ufaransa. Sivyo. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, karamu kubwa za Ufaransa ziliandaliwa kwa mikupuo michache, na kila mkupuo uliijaza meza kwa vyakula vingi kwa pamoja, vikiwa vimepangwa kwa ulinganifu ili kwanza vipendeze macho. Mgeni alijipakulia kilichokuwa karibu na mkono wake, na kilichokuwa mbali aliomba asogezewe au alikikosa.

Karamu hizo zilikuwa na kasoro ambayo mpishi yeyote ataielewa. Mchuzi uliotengwa mezani kabla wageni hawajaketi huanza kufanya utando juu, mafuta yakaganda pembezoni mwa bakuli, na kazi ya asubuhi nzima ikaharibika huku watu wakiusifu mpangilio wake.

Badiliko lililoondoa kasoro hiyo huhusishwa na Alexander Kurakin, balozi wa Urusi mjini Paris, mnamo mwaka 1810 hivi: nyama ikatwe kando, kisha wahudumu wampitishie kila mgeni chakula kingali moto. Antonin Carême, mpishi mashuhuri wa enzi hiyo, alikubali kwamba chakula kilinufaika, ila aliuona utaratibu wa Kifaransa kuwa na fahari zaidi. Namheshimu sana, lakini katika hili nasimama na Warusi. Mpishi Urbain Dubois aliueneza utaratibu huo wa Kirusi katika miaka ya 1860, na baadaye Auguste Escoffier, aliyeingia hoteli ya Savoy ya London mwaka 1890, aliligawa jiko katika vitengo, kila kitengo na kazi yake, ili sahani zifuatane bila kuchelewa.

Wazo la mfuatano lenyewe ni la kale zaidi. Warumi walikuwa na msemo wa kula kutoka yai hadi tufaha, na Ziryab, mwanamuziki aliyehamia Cordoba, mji wa Hispania, katika karne ya 9, husimuliwa kuwa ndiye aliyeagiza supu itangulie, nyama ifuate, na vitamu viwe vya mwisho.

Mantiki yake ni kutoka kwenye chepesi kwenda kwenye kizito: supu huamsha hamu, samaki hutangulia nyama, na sukari hungoja mwisho kwa sababu huikata hamu hiyo. Neno entrée, ambalo kwa Kifaransa maana yake ni kuingia, lilitaja chakula kilichotangulia nyama ya kuoka, ingawa Marekani leo ndilo jina la chakula kikuu.

Meza ilipobaki bila vyakula, mgeni hakuweza tena kuona kilichoandaliwa, ndipo kadi ya menyu ilipohitajika kando ya kila sahani, ili anayemsubiri bata asijishibishe kwa samaki.