Paka wa jangwani, na kimburu wetu wa huku Tabora

Kuna ile vidio ya paka wa jangwani inazunguka sana WhatsApp, kapaka kadogo rangi ya mchanga, uso mpana, masikio makubwa yamekaa pembeni ya kichwa, na chini kila mtu anaandika "nakataka hako, wanauza wapi". Jamani. Yule sio mtoto, ndo ameshakua hivyo, anakaa kwenye kilo 2 au 3 na hapo hapo anaua nyoka mwenye sumu na kumla. Mi nawapenda hawa wanyama mno kwa hiyo leo nivumilieni.

Huyu anaishi Sahara, Arabuni, mpaka kule Turkmenistan na Uzbekistan. Mchanga wa Sahara mchana wa kiangazi unapita nyuzi 50, ukikanyaga peku unaungua, afu kule Asia ya Kati baridi ikiingia inashuka chini ya sifuri kabisa. Na yeye yupo kote. Ukiangalia nyayo zake kwa chini utaona manyoya yamefunika zile nyama laini za mguu, kwa hiyo joto halimfikii vizuri na pia akipita haachi alama ya kueleweka, ndo maana watafiti wanahangaika sana kumfuata. Na akimulikwa tochi anajikunyata chini na kufumba macho, basi unapita hapo hapo usione hata kile kimng'ao. Mchana kashalala kwenye shimo, anatoka jua likizama. Watoto wake wa porini kule Morocco walikuja kupigwa vidio mwaka 2017, fikiria mnyama ameingia kwenye vitabu vya wanasayansi tangu 1858!

Sasa maji anapata wapi? Kwenye panya. Mwili wa panya karibu theluthi mbili ni maji, kwa hiyo akila anakuwa amekula na kunywa kwa mpigo, na figo zake zinabana maji yasipotee, mkojo unatoka kidogo na mzito. Akikuta maji anakunywa, asipoyakuta anaenda wiki na wiki bila shida. Na hapa ndo naomba umwangalie paka wako hapo nyumbani, si unaona hanywi maji sana na mkojo wake unanuka mpaka unaumiza pua? Ni figo za aina hiyo hiyo. Mwaka 2007 vipimo vya vinasaba vilionyesha paka wote wa kufugwa duniani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, sehemu kavu zile, na kisiwani Cyprus walichimba kaburi la mtu na paka kazikwa pembeni yake, la miaka kama 9,500 iliyopita.

Huyo paka pori ndo kimburu. Jamii yake ipo Afrika karibu kote, na huku kwetu yupo, kwenye miombo na pembeni ya mashamba ya mahindi na karanga. Kusini mwa Afrika, kwenye nchi kavu za Kalahari na Karoo, kuna mwingine mwenye nyayo nyeusi, mdogo kuliko paka wote wa Afrika, analala hata kwenye vichuguu vilivyotoboka na usiku mmoja anaweza kukamata viumbe zaidi ya 10, huyo nae siku moja ntamwandikia peke yake.

Kimburu watu wengi wanampita wakidhani paka la mtaani. Angalia miguu, ni mirefu, akikaa kitako anasimama wima mbele kama amevaa sare. Mkia mwembamba una pete nyeusi na ncha nyeusi, na masikio kwa nyuma yana wekundu wa udongo wa tofali, hiyo ukishaiona huwezi kumchanganya tena. Ila anachanganyika mwenyewe na hawa wetu wa majumbani, na hilo ndo linaniumiza kuliko yote, maana dume la nyumbani linalozurura linazaa na kimburu jike na polepole damu ya kimburu inapotea huku msitu upo na hakuna aliyepiga risasi hata moja. Hasi paka wako, daktari wa mifugo anafanya. Na sumu ya panya mkiimwaga shambani panya anakufa na kimburu aliyemla panya anakufa.

Bamdogo wangu kule Sikonge alikuwa ameshatega mtego. "Huyu mshenzi anamaliza vifaranga vyangu." Nikamwambia shikamoo kwanza bamdogo, afu nikamuuliza karanga za mwaka jana nani alizimaliza ghalani, akacheka, "panya". Basi tukazunguka banda, kuku walikuwa wanalala chini kabisa, mlango unafungwa na gunia, hapo hata kicheche anaingia anavyotaka. Tumekubaliana banda linainuliwa juu ya miti kabla mvua hazijaanza, vifaranga vinafungiwa mapema jua likianza kuzama, na mtego ameutoa. Miti ipo tayari, fundi yupo, kilichobaki ni wavu wa kuku wa matundu madogo, anayejua duka la bei nzuri hapa Tabora mjini aniandikie hapo chini, nataka niutume kabla ya wiki hii kuisha.