Jinja kwa baiskeli: mto uliofunika maporomoko yake

Nimezaliwa Mwanza, kwa hiyo Ziwa Victoria nalijua tangu utotoni. Nilichokuwa sijakiona ni mahali maji yake yanapotokea na kuwa Mto Nile, hapa Jinja, Uganda. Leo nimepaona, nikiendesha baiskeli nyuma ya kijana wa Kisoga anayetembeza wageni. Kiswahili chake alikipata Busia, mpakani, na kinamtiririka.

Tulianza Main Street asubuhi, kabla jua halijakolea. Nilipenda kwamba hakutukimbiza. Kila baada ya nyumba chache alisimama, akatuambia tuinue macho: juu kabisa ya maduka, kwenye saruji, yamechongwa majina ya Wahindi waliojenga, pamoja na mwaka. Chini yake siku hizi zinauzwa simu na mitumba. Wengi wa watu hao walifukuzwa mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Rangi imebanduka, herufi zimebaki. Ningekuwa kwenye gari nisingesoma hata jina moja, na ningeondoka Jinja nikidhani ni mji wa vibao vya matangazo tu.

Kutoka hapo ni mteremko hadi mtoni, vidole havibanduki kwenye breki. Upande wa mjini kuna sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948. Ng'ambo upo mnara wa Speke, msafiri Mwingereza ambaye mwaka 1858 aliliona ziwa kwa mara ya kwanza huko kwetu Mwanza, akafika huku mwaka 1862. Alikuta maporomoko, akayaita Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa wa Uingereza. Wasoga walikuwa wakiishi kando ya mto huu, wanaouita Kiyira, zamani sana kabla yake, na sikuweza kusimama pale bila kulifikiria hilo.

Maporomoko yenyewe hayapo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, maji yalipanda yakayameza. Watu wanapiga picha na kibao kisha wanaondoka. Kiongozi wetu akaninong'oneza, "Dada, achana na kibao, tazama maji." Nikatazama. Yalikuwa yamekazana kama kamba inayovutwa, yakikata kona kuelekea kaskazini, na mnandi mmoja juu ya kisiki ametanua mabawa ayakaushe.

Tulikula rolex kando ya barabara, chapati ya moto na mayai na kabichi, kisha tukashika njia ya vumbi jekundu kwenda Bujagali. Kuna vilima vidogovidogo. Unashusha gia, unakanyaga, na watoto wanakimbia pembeni hadi pumzi ziwaishie.

Bujagali ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Siku hizi ni maji yaliyotulia, watu wanapiga kasia. Lakini kiongozi wetu aliyakuta maporomoko yakinguruma. Alisimulia vijana waliokuwa wakijitosa na kushuka nayo wakiwa wamekumbatia dumu la plastiki la manjano, watalii wakiwapa chochote. Akanionyesha kwa mkono: walikuwa wanaingilia pale, wanaibukia pale. Nilifuata kidole chake na kuona uso wa maji tu, umelala. Kwa Wasoga hapa ni makao ya mzimu wa Budhagaali, na kabla ya ujenzi wa bwawa la umeme yalifanyika matambiko. Bwawa likazinduliwa mwaka 2012, megawati 250. Uganda inahitaji umeme, sibishani na hilo. Nyumbani kwetu pia tumekaa gizani vya kutosha. Hata hivyo nilimsikitikia kijana yule, anayelazimika kuonyesha wageni utoto wake kwa kidole.

Nikamuuliza kama kuna popote mto bado unanguruma. Akasema Itanda, kaskazini zaidi, upande wa pili wanapaita Kalagala. Serikali iliahidi kupahifadhi wakati wa makubaliano ya ujenzi wa Bujagali. Hata hivyo bwawa la Isimba lilijengwa mbele zaidi, mto unakoelekea, likaanza kazi mwaka 2019, na mawimbi mengi waliyokuwa wakicheza watu wa kayaki huko yamekwisha.

Miguu inauma, lakini nimeshakubaliana naye. Kesho alfajiri tunakwenda Itanda.