Siku ya Lindos

Septemba 2019 nilikuwa kwenye kamati ya wageni ya kongamano moja la wahandisi wa maji, kisiwani Rhodes, Ugiriki. Mada na vikao vilikuwa na wenyewe. Sisi watu sita tulikabidhiwa yote yanayotokea nje ya ukumbi: makaribisho ya jioni ya kwanza, matembezi ya Jumatano na karamu ya kuagana. Wageni walikuwa 172, wenza na watoto wakiwemo. Makaribisho yalipita salama, bustanini mwa hoteli, kwa zeituni, jibini na hotuba mbili fupi. Ninayoikumbuka dakika kwa dakika ni Jumatano, siku ya Lindos.

Lindos iko kilomita 50 hivi kusini ya mji wa Rhodes, mwendo wa saa moja kwa basi. Ni kijiji cha nyumba nyeupe kilichojikunyata chini ya mwamba wa mita 116. Juu ya mwamba kuna magofu ya hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, yamezungushiwa ngome waliyoijenga askari watawa wa Mtakatifu Yohana. Kuna nguzo, kuna bahari pande karibu zote, ila kivuli cha maana hakuna. Kwa hiyo ratiba yote inapangwa kwa kulifuata jua. Lango lilikuwa linafunguliwa saa 2 asubuhi, na abiria wa meli za kitalii huanza kumiminika kuelekea saa 4. Anayetaka wageni wake waone kitu ana saa mbili hizo tu.

Siku mbili kabla, tulipanda wenyewe kupima. Kutoka uwanja wa kijiji hadi lango la juu ni dakika ishirini na ushee kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ngazi takriban 300 ukijumlisha zote. Mawe yamesuguliwa na nyayo hadi yanang'aa kama sahani, na yanateleza yakiwa makavu, sembuse yakimwagikiwa maji. Ndiyo maana kwenye karatasi ya wageni tuliandika kwa herufi nene: viatu vya soli ya mpira, kofia, maji lita moja kwa kila mtu. Kabla ya ngazi ya mwisho pana mahali waongozaji wote husimama, na si kwa kupumzisha watu tu. Kwenye jabali lenyewe imechongwa sehemu ya nyuma ya meli ya vita, kazi ya mchongaji Pythokritos, ya mnamo mwaka 180 kabla ya Kristo. Ukisogea karibu unaona jinsi tezi inavyojikunja kuelekea juu, na ubavu wa meli ukitokeza mwambani kana kwamba chombo kimetia nanga pale jana. Mtoto wa pwani hapiti pale bila kusimama.

Mabasi yalikuwa manne, ya viti 50, na kila moja tuliligawia watu 43. Basi halijazwi hadi kiti cha mwisho: unahitaji nafasi ya mwongozaji, ya msaidizi, na ya mtu atakayeugua njiani akalazimika kujinyoosha. Kila basi lilikuwa na rangi yake, na rangi hiyo ilikuwa kwenye utepe wa kitambulisho cha mgeni. Waongozaji tuliwakodi wanne wenye leseni, kwa sababu Ugiriki sheria haimruhusu mtu yeyote tu kuwatembeza watu kwenye magofu, hata awe profesa wa historia. Tiketi zilikuwa zimeshalipiwa. Vipokezi vya masikioni, vya kumsikilizia mwongozaji, vilichajiwa usiku kucha, na kila aliyechukua aliweka sahihi.

Pamoja na yote hayo, tuliondoka tumechelewa dakika 25. Basi la pili lilikuwa na watu 42. Msaidizi wake akapanda hadi ghorofa ya nne kugonga milango, mwingine akaenda kutazama kwenye bwawa, na huku madereva wamewasha injini. Mtu aliyetafutwa alikuwa amekaa basi la tatu karibu na mwenzake wa kazi, amesinzia. Basi la tatu lilikuwa na watu 44, na msaidizi wake alidhani amekosea kuhesabu, akanyamaza. Tungepigiana simu na kujumlisha namba nne kabla ya kumtafuta mtu, tungepata 172 na kuondoka. Tangu hapo nimekuwa nikidai jambo hilo kila kazi: jumla kwanza, msako baadaye. Na anayehesabu ahesabu vichwa akitembea toka nyuma kwenda mbele, asiulize "tupo wote?", maana swali hilo hujibiwa ndiyo siku zote.

Dakika 25 zilizopotea asubuhi hazirudi. Basi la mwisho lilifika karibu saa 3. Mabasi makubwa hayaingii kijijini. Yanashusha watu barabarani juu, nao wanateremka kwa miguu hadi uwanjani. Kundi la mwisho lilianza kushuka kutoka ngomeni wakati wasafiri wa meli wanapanda, kwenye vichochoro ambamo watu wawili wakipishana mmoja lazima ajibanze ukutani.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa letu sisi wapangaji, na tulilibeba tangu mezani. Hatukuwa na njia ya asiyeweza kupanda.

Pale uwanjani wapo punda wa kupandisha watalii. Sisi tulikwisha kuwaondoa kwenye mpango. Mwaka uliotangulia, 2018, serikali ya Ugiriki ilikuwa imetoa agizo kwamba mnyama wa kubeba mizigo asizidishiwe kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake. Punda wa kilo 200, kwa kipimo hicho cha pili, mwisho wake ni kilo 40. Mtu mzima gani ana kilo 40? Uamuzi wa kuwaacha punda ulikuwa sahihi na ningeurudia leo. Ila tuliwaondoa punda bila kuweka chochote mahali pao.

Miongoni mwa wageni alikuwapo profesa mmoja wa Unguja, mama wa makamo aliyeshughulikia visima vya maji vinavyoingiliwa na chumvi. Nilimkuta ameketi kwenye kingo chini ya mti mkubwa wa uwanjani, fimbo mapajani.

"Shikamoo, Profesa. Magoti yanasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Yanasema hapahapa panatosha. Nyinyi nendeni."

Hakuwa peke yake. Tulipohesabu walikuwa kumi, na hakuna hata mmoja aliyejaza lolote kwenye fomu, kwa sababu fomu iliuliza habari za chakula tu. Nilibaki nao. Tukaingia kanisa la Panagia, lililo hatua chache kutoka pale, ambako lazima mabega yafunikwe. Michoro ya kutani ni ya Gregorio wa kisiwa cha Symi, ya mwaka 1779. Wengi wao waliinamisha macho sakafuni, iliyotandikwa kokoto nyeusi na nyeupe zilizosimamishwa kwa ubavu, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa maua. Profesa aliipapasa kwa ncha ya fimbo, akauliza zimeshikwa na nini. Sikuwa na mwongozaji wa kumjibu. Wote wanne walikuwa juu. Mwongozaji wa tano, kwa ajili ya watu kumi, lilikuwa jambo dogo sana kwenye bajeti ile.

Karamu ilikuwa usiku uleule, nao ulikuwa mzigo mkubwa kwa siku moja. Meza 18 zilipangwa nje, kando ya bahari. Upepo wa kaskazini, ule Wagiriki wanaouita meltemi, ulianza kuvuma alasiri. Kamati zinakosea hapa kwa kungoja utulie. Kuhamisha meza 18 na vyombo vyake ni kazi ya saa mbili, kwa hiyo uamuzi wa kuingia ndani unakatwa saa 10, saa nne kabla ya chakula. Tuliukata. Saa 2 usiku vitambaa vya meza jirani vilikuwa vinapeperuka kama tanga.

Chakula kilienda vizuri kwa sababu kilipangwa mapema: nyama ya nguruwe meza yake na koleo zake, kila sinia na kibandiko, vyakula vyenye divai ndani yake vikitajwa hivyo. Pitaroudia, vitafunio vya kisiwa hicho, ni dengu zilizolowekwa usiku kucha, zikasagwa na kitunguu, nyanya na nanaa, zikakaangwa. Profesa alionja moja. "Hizi si bajia?" akasema, akaongeza tatu. Tuliagiza zikaangwe kwenye mafuta yasiyopitishwa samaki, kwa ajili ya wasiokula nyama, na mpishi alitenga karai. Mwisho zilipita melekouni, ufuta na asali na lozi, binamu kabisa wa kashata, ambazo Rhodes hutolewa harusini.

Alhamisi asubuhi wengi walikwenda kuogelea. Nilikodi teksi, nikaenda na Profesa Mji Mkongwe wa Rhodes, hadi maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, iliyowekwa wakfu mwaka 1793, mkabala na msikiti wa Suleiman. Teksi haikufika mlangoni, kwa hiyo nilikuwa nimeipima njia jana yake usiku: hatua ngapi, mawe ya namna gani, wapi pa kukaa. Ndani mna miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Alisimama mbele ya msahafu uliofunuliwa nyuma ya kioo, akaufuata mstari kwa kidole bila kukigusa kioo, akisoma kwa sauti ya chini. Nilimtafutia kiti. Alikaa hapo dakika arobaini.