Naipa kazi ninayoweza kuikagua

Mimi ni afisa utawala. Kazi yangu ni maandishi: barua zinazoingia na zinazotoka, mihtasari ya vikao, ratiba, orodha za watumishi, madokezo ya kwenda kwa mkurugenzi na maelekezo yake yanaporudi. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika unachoiagiza, ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, kisha zikafuata nyingine kama Gemini, Claude na Copilot, kila mtu ofisini ana maoni yake. Wapo wanaofungua programu hizo kabla hata ya kufungua jalada. Wapo wasiotaka kuzisikia. Mimi nazitumia karibu kila siku ya kazi, na swali ninaloulizwa zaidi ni kama naziamini.

Swali ninalojiuliza mwenyewe ni jingine. Kabla sijaiandikia programu agizo lolote, najiuliza: jibu likija, kulikagua kutanichukua muda gani? Kukagua kukiwa kwepesi kuliko kufanya, naipa programu kazi hiyo. Kama kukagua kutanilazimu nifanye kazi yote upya, naifanya mwenyewe tangu mwanzo. Kipimo hicho kimoja ndicho kinachonipangia kazi.

Kinafaa sana kwenye fomula za Excel. Kila robo mwaka inapoisha naletewa orodha mbili za watumishi, moja ya utawala na nyingine ya uhasibu. Zinatakiwa zifanane, na hazifanani. Jina limeandikwa kwa namna mbili, mtu amehama idara, mwingine amestaafu lakini bado yumo. Zamani nilikuwa nikiweka rula juu ya karatasi na kushuka mstari kwa mstari. Siku hizi naieleza programu hali ilivyo: laha ya kwanza ina namba za watumishi kwenye safu A, laha ya pili namba hizo ziko safu C, nataka kuona nani yuko huku na hayuko kule. Inaniandikia fomula ya XLOOKUP (ya kutafuta) au COUNTIF (ya kuhesabu), naibandika, naiburuta hadi chini.

Kukagua ni suala la dakika chache. Nachukua watumishi ninaowafahamu: mmoja ninayejua yumo kwenye orodha zote mbili, mmoja aliyestaafu, mmoja aliyeajiriwa karibuni. Fomula ikiwaweka hao mahali pao, naendelea na wengine. Isipowaweka, mara nyingi kasoro iko kwenye data: upande mmoja namba zimehifadhiwa kama maandishi na upande wa pili kama tarakimu, au kuna nafasi tupu imejificha mwishoni mwa jina. Jicho linaona kitu kimoja, Excel inaona viwili. Jambo hilo lilinisumbua kwa miaka, na hakuna aliyewahi kunieleza chanzo chake mpaka programu iliponionyesha fomula mbili na kuzifafanua: TRIM, inayofuta nafasi tupu zilizozidi, na VALUE, inayogeuza maandishi kuwa tarakimu. Kwa hilo naishukuru kwa dhati.

Nisichokifanya ni kuibandikia tarakimu nyingi na kuiambia ijumlishe. Mifumo hii msingi wake ni kutabiri kipande cha neno kinachofuata, na hesabu ndefu inaweza kutoka ikiwa imekaa vizuri kabisa huku tarakimu moja ya katikati si yake. Baadhi ya programu sasa huandika msimbo mfupi (maagizo ya kompyuta) na kuuendesha ili zipate jumla sahihi, lakini si kila mara utajua kama limefanyika hilo au la. Nikiomba fomula, anayehesabu ni Excel, na yeyote atakayelifungua faili baada yangu anaweza kubofya kisanduku akaona jumla ilipatikanaje. Mkaguzi wa hesabu akija, hicho ndicho anachotaka kuona.

Mihtasari ya vikao inataka uangalifu wa namna yake. Kikaoni naandika kwa mkono, kwa vifupisho ninavyovielewa mimi. Baadaye nachapa maelezo hayo kama yalivyo, na vifupisho vyake nikiwa nimevifungua, kisha naiambia programu iyapange kwa ajenda na kuyaandika kwa sentensi kamili. Kazi iliyokuwa ikinimalizia alasiri inarudi kabla sijapanga karatasi zangu.

Na inarudi ikiwa imepangika mno. Muhtasari una umbo linalojulikana: ajenda, mjadala, azimio, mhusika, tarehe ya utekelezaji. Programu imefunzwa kwa maandishi mengi yenye umbo hilo, hivyo inalikamilisha hata pale ambapo kikao hakikulikamilisha. Mjumbe alishauri tu, yenyewe inaandika kwamba kikao kiliazimia. Mwenyekiti alisema jambo liangaliwe, yenyewe inalipa mhusika na tarehe. Kwa mtu wa nje tofauti hiyo ni ndogo. Kwa ofisi ni kubwa sana. Ushauri unabaki kuwa maneno ya aliyeusema. Azimio linatoa fedha, linahamisha watu, na kikao kijacho kinaanza kwa kuuliza limefikia wapi. Neno moja la namna hiyo likipita, mwenyekiti akasaini, limeshakuwa kumbukumbu rasmi. Miaka mitano baadaye mtu atalitoa kwenye jalada kuwa ushahidi wa uamuzi ambao haukuwahi kufanyika, na hakutakuwa na mtu wa kumkatalia.

Kwa hiyo naiandikia maagizo marefu kidogo: "Tumia maelezo haya tu. Usiongeze jambo ambalo halimo. Tenganisha yaliyoshauriwa, yaliyokubaliwa na yaliyoahirishwa. Pasipoeleweka, weka alama ya kuuliza uniachie. Mhusika au tarehe isipotajwa, andika HAIKUTAJWA." Hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. HAIKUTAJWA zikiwa nyingi kwenye rasimu moja, najua kikao kiliinuka kabla ya kumaliza kazi yake. Nampigia mwenyekiti kabla sijaisambaza: "Samahani mzee, lile suala la stoo tulimwachia nani?" Jina linapatikana papo hapo, likiwa bado na maana, badala ya kutafutwa kwenye kikao kinachofuata wakati kila mmoja ameshasahau. Sikuitegemea faida hiyo nilipoanza, na leo nadhani ndiyo kubwa kuliko muda ninaouokoa.

Ukaguzi huo unawezekana kwa sababu nilikuwepo. Nasoma rasimu daftari langu likiwa pembeni, ajenda kwa ajenda. Mtu ambaye hakuhudhuria hawezi kuukagua muhtasari hata awe hodari vipi. Ndiyo maana silikubali wazo, ambalo sasa linasemwa sana, la kuiachia programu isikilize rekodi na kutoa muhtasari bila katibu kuwepo kikaoni. Rekodi haimwoni mjumbe aliyetikisa kichwa.

Ninayoiogopa ni kazi ambayo wenzangu wengi wanaiona rahisi kuliko zote, yaani kufupisha nyaraka ndefu. Ukitaka kuthibitisha kwamba ufupisho wa kurasa themanini ni sahihi, itabidi uzisome kurasa themanini. Kipimo changu kinaikataa. Tena kinachodondoka kwenye ufupisho ndicho chenye uzito: isipokuwa, endapo, kwa idhini ya maandishi. Kanuni ya likizo inaweza kuelezwa vizuri kwa sentensi moja, halafu mtumishi aliye kwenye kipindi cha majaribio akanyimwa haki yake kwa sababu sharti linalomhusu lilikuwa kwenye kifungu kidogo kilichoachwa. Mimi naitumia programu kama faharasa. Naiambia inionyeshe vifungu vyote vinavyogusa likizo bila malipo, inukuu maneno yenyewe na itaje namba ya kifungu. Kisha natafuta maneno hayo ndani ya waraka kwa Ctrl+F. Nikiyaona nasoma ukurasa mzima, maana sharti huwa halikai mbali na kanuni yake. Nisipoyaona, nayaacha na naanza kutafuta kwa macho yangu.

Kuiuliza yenyewe kama ina uhakika hakusaidii. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, baada ya kuwasilisha hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilibuniwa na ChatGPT. Mmoja wa mawakili hao alikuwa ameiuliza ChatGPT kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamjibu kwamba ni ya kweli. Namhurumia. Alikumbuka kukagua, ila alimuuliza yule yule aliyeandika. Kisa hicho namsimulia kila anayejiunga na idara yetu.

Kuhusu siri sina maneno mengi. Mishahara, vyeti vya daktari, mashauri ya nidhamu na namba za vitambulisho haviingii kwenye programu isiyo ya ofisi. Kwenye akaunti za kawaida za bure, mazungumzo yako yanaweza kutumika kuufunza mfumo usipozima hilo kwenye mipangilio. Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu za namna hii Mei 2023, baada ya kugundua kwamba msimbo wake nyeti ulikuwa umepakiwa kwenye ChatGPT. Mimi nikihitaji msaada wa lugha kwenye jambo la mtu, naandika Mtumishi A na Mtumishi B, naondoa idara, naondoa tarehe. Ikiwa hata baada ya hapo mtu wa ofisini anaweza kumtambua, naandika peke yangu.

Wanaonipa mawazo zaidi ni vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Kwenye jarida la Science mwaka 2023, Shakked Noy na Whitney Zhang walichapisha jaribio lililohusisha wataalamu 453 waliopewa kazi za kuandika za kiofisi. Waliotumia ChatGPT walipunguza muda kwa asilimia 40, ubora wa kazi zao ukapanda kwa asilimia 18, na waliokuwa dhaifu ndio walionufaika zaidi. Sibishani na tarakimu hizo, maana dalili zake naziona mezani kwangu. Lakini kwenye jaribio lile maelezo yaliyohitajika yalikuwa ndani ya kazi yenyewe. Barua ya ofisini inategemea jalada. Tulimwambia nini mtu huyu mwaka jana? Nani alisaini? Je, tuliahidi? Kijana ambaye hajawahi kukaa na jalada na kulifunua folio kwa folio, yaani karatasi kwa karatasi kwa namba zake, anapata barua iliyonyooka kuliko ya kwangu, na hana njia ya kujua imenyooka kuelekea wapi.

Utaratibu wangu nao ni huu. Rasimu ya kwanza wanaandika wenyewe, jalada likiwa wazi. Baada ya hapo naruhusu programu. Tunaziweka mbili ubavuni na kijana anatetea kila tofauti.

"Mama, hii ya kompyuta imekaa vizuri zaidi."

"Imekaa vizuri, mwanangu. Sasa nionyeshe folio tulipomwahidi kumjibu ndani ya siku thelathini."

Huwa wanatafuta kwa bidii, na wengine baada ya muda huanza kuyaona wenyewe maneno hayo yaliyoongezwa kabla sijauliza. Nikimwona kijana amefika hapo nafurahi sana, na kuanzia siku hiyo simpangii tena lini aitumie na lini aiache.

Kwa upande wa barua, matumizi ninayoyapenda zaidi ni kuifanya programu isome kama mpokeaji. Naandika tangazo la kubadilisha utaratibu wa kuomba ruhusa, nalibandika, naiambia: "Wewe ni mtumishi wa zamu ya usiku, umelisoma hili mara moja tu. Una maswali gani?" Inauliza kama fomu za zamani bado zinapokelewa, nani anasaini msimamizi akiwa hayupo, utaratibu unaanza lini kwa walioko likizo. Maswali hayo yote yangenifikia kwa simu siku inayofuata, kutoka kwa mtu mmoja mmoja. Kukagua hapa hakunigharimu kitu: swali la maana nalijibu ndani ya tangazo, lisilo na maana naliruka. Na maneno yanabaki yangu, jambo ninalolijali, kwa sababu programu ikiandika barua kwa Kiswahili bado inapenda kuzunguka, inashukuru mara mbili na kufunga kwa sentensi tatu pale ambapo moja inatosha.

Barua za onyo siigusishi kabisa. Ni siri, na kila neno lake linaweza kusomwa siku moja mbele ya kamati ya nidhamu na mimi nikiulizwa nililichagua kwa nini.

Na mtumishi akifiwa, naandika mwenyewe. Hapo kipimo changu kingeniruhusu, kwa kuwa barua ya mistari minane inakaguliwa kwa kutupia jicho. Ila aliyefiwa ni mtu niliyefanya naye kazi. Najua alikuwa akitoka nje kila mchana kumpigia mama yake simu, na barua ya rambirambi isiyotaja hata jambo moja la namna hiyo ni afadhali nisiiandike, niende nikakae naye.