Swali Ambalo Baba Hakuwahi Kuniuliza

Ujumbe wenyewe ni wa sekunde 11. Mlango unalia, baba anakohoa kidogo kama mtu asiyezoea kuongea na simu isiyomjibu, halafu anasema: "Mwanangu, ukipata nafasi nipigie. Kuna jambo nataka kukuuliza." Ananyamaza. Kabla sauti haijakatika unamsikia akimgeukia mtu aliye karibu naye: "Imekwenda?"

Uliingia saa nane usiku kwa saa za huku niliko. Nyumbani ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na simu yangu ilikuwa imefungiwa kabatini kwa sababu haturuhusiwi kuingia nayo vyumbani. Niliusikia saa moja asubuhi, nimesimama kituo cha basi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nikajiambia nilale kwanza, kichwa kitulie, nitampigia nikiamka. Nilipoamka, nyumbani ilikuwa saa tano usiku. Mzee ameshalala, nikasema, nisimsumbue. Siku iliyofuata nilikuwa na zamu mbili mfululizo. Usiku wa siku ya tatu simu ikaita, na aliyepiga ni dada yangu. Nyumbani kulikuwa hakujapambazuka. Kabla hajasema neno nilishajua, maana dada hapigi simu saa hizo.

Aliye ughaibuni anaijua hesabu hii ya saa. Wewe ukiamka wao wanalala, wewe ukipumzika wao wako shughulini, na katikati ya siku nzima kunabaki upenyo mdogo ambao nyote mko macho na wote mna nguvu ya kuongea. Siku tatu zinaweza kupita katika upenyo huo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Sasa ni mwaka wa sita. Sijui baba alitaka kuniuliza nini.

Mwanzoni sikukubali kwamba ni jambo lisilojulikana. Niliamini kuna mtu anajua, ni suala la kumpata tu. Nikampigia baba mdogo. Akasema bila shaka ni habari ya shamba, kwamba mzee alikuwa akifikiria mambo ya mipaka. Shangazi akasema hapana, alitaka kujua nitarudi lini, hakuna kingine alichokuwa akikizungumzia. Dada akasema huenda ni miwani, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imelegea mguu mmoja na alikuwa akiifunga kwa uzi. Mwisho nikamtafuta kijana aliyemshikia simu siku ile, huyo aliyeulizwa "Imekwenda?". Ilinichukua wiki mbili kumpata. Alinisikiliza kwa adabu, akafikiri, akasema, "Kaka, kweli sikumbuki. Baada ya pale aliniambia tu kwamba mawingu yamekaa vibaya."

Nikanunua daftari. Nilianza kuandika maswali ambayo huenda ndilo lilikuwa swali lake, moja kila mstari, na kila nilipokumbuka mazungumzo yetu ya zamani niliongeza jingine. Yalifika 23. La shamba limo, la miwani limo. Lakini kadiri orodha ilivyorefuka ndivyo maswali yalivyozidi kuwa makali. La 17: kwa nini hukuja mama yako alipougua? La 20: hizo pesa unazotuma, unadhani ndizo tunazozihitaji? La 23, ambalo nililiandika usiku wa manane kwa mkono unaotetemeka: kwa nini ulituacha?

Nililichagua hilo la mwisho. Hakuna aliyenipa ushahidi, lakini nililishika kama ndilo, na kwa miezi mingi niliishi kana kwamba baba alikuwa ameniuliza hivyo mdomoni mwake. Cha ajabu ni kwamba nilipata nafuu fulani. Nilikuwa nimejihukumu, lakini angalau kesi ilikuwa imefungwa.

Baadaye nilikuja kusoma jambo lililonisaidia kuielewa nafuu ile. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 45. Kwenye kompyuta mtu anaonyeshwa mawe na kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mtu huyo anapigwa shoti ya umeme mkononi, yenye maumivu ya kweli. Walipimwa jasho la ngozi na mboni za macho, wakaulizwa pia wanajisikiaje. Ilionekana kwamba walioumia zaidi moyoni hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Hali ilikuwa mbaya kuliko zote pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Mwili unamstahimili nyoka aliyeonekana kuliko jiwe ambalo halijageuzwa. Niliposoma hivyo nilifunga macho, nikaliona lile daftari. Nilikuwa nimemweka nyoka chini ya jiwe kwa mkono wangu mwenyewe, ili tu nisiendelee kungoja.

Aliyenitoa hapo ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia kazini. Kumbukumbu zake zilikuwa zimemwacha karibu zote. Kila usiku, kati ya saa tisa na saa kumi, alikuwa akiketi kitandani, anaweka miguu sakafuni, anauliza: "Mume wangu amesharudi?" Mume wake alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita. Wiki zangu za kwanza nilikuwa namwambia ukweli, kwa upole nilioujua, kwa sababu nilifundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa hadanganywi. Naye kila mara aliipokea habari ile kama ndiyo kwanza anaisikia. Analia, analowesha shuka, anatulia. Baada ya dakika kumi anaweka tena miguu sakafuni: "Mume wangu amesharudi?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa sahihi kabisa, na lilikuwa likimfisha mume wake mara tatu kwa usiku mmoja.

Mwenzangu mmoja mzoefu, mama aliyefanya kazi ile kwa miaka mingi, aliniona siku moja nimesimama koridoni nimeishiwa. Akanishika bega. "Usimjibu," akaniambia. "Kaa. Mwambie akusimulie." Usiku uliofuata nikavuta kiti. Alipouliza, nikamwuliza, "Akirudi huwa unamtambuaje?" Bibi akatabasamu. Akaniambia ni viatu. Kimoja kilikuwa na kisigino kilichochakaa upande, kwa hiyo hatua zake zilikuwa nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Aligonga sakafu kwa kidole chake cha mguu kunionyesha. Tukasikiliza pamoja. Kisha akalala mwenyewe, bila dawa, na mkono wake umeshika kiganja changu.

Niliendelea kuketi pale kwa muda. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba swali linaweza kukaliwa kando yake hivyo, kama mgonjwa anavyokaliwa, bila kulitibu.

Yupo mwanamke wa Marekani aliyelifanyia jambo hili kazi ya maisha yake yote. Anaitwa Pauline Boss, na alifundisha Chuo Kikuu cha Minnesota. Miaka ya 1970 alikutana na familia za wanajeshi waliopotea kwenye vita vya Vietnam: hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna wa kusema amekufa wala yu hai. Aliona kwamba watu hawa hawafanani na wafiwa wa kawaida, akaliita jambo lao hasara isiyo na hakika. Aliigawa namna mbili. Kuna aliyetoweka kimwili lakini bado yumo moyoni na akilini mwa wenzake, na kuna aliyepo kimwili lakini akili imekwenda, kama bibi yule. Lililonigusa kuliko yote ni asili ya mawazo yake. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi aliyekwenda kuishi Wisconsin, na binti alikua akimwona akiwatamani watu wake aliowaacha ng'ambo ya bahari. Yaani kabla ya kuisomea hali hii, alikuwa ameiona nyumbani, usoni pa mzazi aliye ughaibuni. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Boss anashikilia kwamba si kila jambo linafungwa, na kwamba kuwalazimisha watu walifunge ni kuwaongezea mzigo. Namwamini. Fikiria ndugu za abiria wa ile ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Bahari ilitafutwa eneo la kilomita za mraba 120,000, na Januari 2017 utafutaji huo ukasitishwa bila ndege kuonekana. Nani ana haki ya kuwaambia watu wale kwamba sasa basi, songeni mbele? Aliye na mtoto ndani ya ndege ile anaweza kuandaa matanga asubuhi na jioni akaacha taa ya barazani inawaka, na yote mawili ni kweli kwake.

Ndiyo maana nimekuwa mzito wa kumpa mtu faraja ya haraka. Nilipofiwa niliambiwa mara nyingi kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Waliosema walinipenda, na mimi ni mtu wa imani. Lakini ninapokisoma kitabu cha Ayubu siku hizi, naona mambo niliyoyaruka zamani. Rafiki zake walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa sana. Walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza sababu. Na Mungu alipomjibu katika upepo wa kisulisuli, alimjibu kwa maswali. Sisi tunaosoma tunajua yaliyosemwa mbinguni katika sura ya kwanza. Ayubu hakuambiwa kamwe. Alipata watoto wengine, akaishi, akafa akiwa mzee aliyeshiba siku, bila kujua kwa nini.

Dada yangu anafundisha hesabu sekondari, na yeye ana njia yake ya kuliona hili. Aliniambia kuna swali liliandikwa kwenye barua mwaka 1742, Christian Goldbach akimwandikia Leonhard Euler. Kwa lugha ya leo linasema kila namba shufwa inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Nane ni tatu na tano. Ishirini ni saba na kumi na tatu. Mtoto wa darasa la sita analielewa. Kompyuta zimelijaribu hadi 4 yenye sifuri 18 nyuma yake na halijashindwa hata mara moja, ila hakuna aliyethibitisha kwamba ni kweli daima. "Na kila siku naingia darasani nafundisha namba tasa," dada akasema. "Sijawahi kusema ningoje kwanza wamalize."

Nililitoa lile daftari baada ya mazungumzo hayo. Nikayasoma maswali yote 23 taratibu, na safari hii nikaona kitu ambacho sikukiona wakati naandika: karibu yote yalikuwa yananishtaki. Hakuna hata mstari mmoja ambao baba ananiuliza kama nakula vizuri, kama theluji imeshaanza kuanguka, kama nimepata rafiki. Huyo si baba yangu. Baba yangu alikuwa mtu wa maswali ya aina hiyo. Nilikuwa nimetafuta swali lake miaka yote hiyo, kumbe nilikuwa natafuta hukumu.

Na chini ya swali lake lilikuwepo langu, ambalo jibu lake ninalo. Kwa nini sikupiga asubuhi ile? Kwa sababu nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa kumi na mbili, miguu imevimba, na nilidhani kesho ipo. Hilo nililijibu kwa kalamu, kwenye ukurasa wake peke yake. Sikujitetea, sikujilaumu. Kulisoma kunaniuma hadi leo, lakini ni maumivu ninayoyajua yalipo.

Lile jingine limebaki lilivyo. Siku nyingine hupita wiki sijalikumbuka. Siku nyingine linanijia ghafla, nikiwa nafunga kamba za viatu, nalo linanikuta kama siku ya kwanza. Naruhusu likae. Wakati mwingine nausikiliza ule ujumbe, si kwa kusaka kidokezo tena. Nasikiliza mlango, kikohozi, na lile "Imekwenda?" la mtu aliyetaka kuhakikisha maneno yake yananifikia.

Mwezi uliopita natoka kazini, nikakuta ujumbe wa sauti wa dada. "Kaka, ukipata nafasi nipigie. Kuna jambo nataka kukuuliza." Nadhani hakukumbuka kwamba ni maneno yale yale. Magoti yaliniishia nguvu. Nikapiga pale pale, glavu moja mkononi, nyingine mdomoni.

"Ile picha ya baba amesimama na baiskeli," akasema. "Ya ujana wake, anacheka hadi macho yamefumba. Aliyeipiga ni nani?"

Nikafikiri. Nikaiona picha nzima, hadi kivuli cha mpiga picha kilichoangukia gurudumu la mbele.

"Sijui, dada."

"Hata mimi sijui," akasema. "Na wa kumwuliza hayupo."

Tukanyamaza, kila mtu upande wake, simu ziko hewani. Nilimsikia akivuta kiti, akakaa. Kisha akaanza kusema kwamba kivuli kile kina kama kofia, au ni nywele, nikamwambia mimi naona kama kitambaa cha kichwani. Basi langu likaja. Nikaliacha lipite.